Chagua msimu kwanza, tiketi baadaye: Safari ya Svalbard, visiwa vya jua lisilotua

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Huenda ni kweli shambani, lakini katika safari mambo huwa kinyume. Mabaharia wa pwani yetu walijua tangu kale kwamba tanga halitwekwi ovyo. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi kati ya Novemba na Machi, yakatia nanga Lamu na Mombasa, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao kuanzia Aprili. Nahodha aliyekosea msimu hakulaumu bahari. Alikaa bandarini akila akiba yake hadi upepo ulipogeuka.

Siku hizi ndege haingoji kusi wala kaskazi. Unalipa nauli leo, kesho umefika. Hata hivyo, msomaji, ziko pembe za dunia ambako msimu bado ndio mwenye amri. Ukifika mwezi huu utaona jua saa sita za usiku. Ukifika miezi minne baadaye hutaliona jua hata saa sita za mchana. Pembe mojawapo ni Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini.

Yumkini unajiuliza, Mkenya atafuata nini huko kwenye barafu? Lakini kila mwaka idadi ya jamaa zetu wanaosoma au kufanya kazi Ulaya huongezeka, na ndugu huenda kuwatembelea. Wapo pia wazazi wanaojiwekea akiba miaka kadhaa ili wawaonyeshe watoto jambo moja ambalo hawatalisahau. Safari kama hiyo hufanywa mara moja maishani. Kwa hivyo anayekosea msimu hapotezi wiki moja tu, hupoteza akiba ya miaka. Makala haya yamekusudiwa kukuepusha na hasara hiyo.

VISIWA VYENYEWE

Svalbard ni kundi la visiwa lililo katikati ya Norway bara na Ncha ya Kaskazini. Mabaharia wa Uholanzi wakiongozwa na Willem Barents walivifikia mwaka wa 1596. Kisiwa kikubwa zaidi kinaitwa Spitsbergen, na humo ndimo ulimo mji mkuu, Longyearbyen, wenye wakazi wapatao 2,500. Kutoka mji huo hadi Ncha ya Kaskazini ni kilomita 1,300 hivi. Zaidi ya nusu ya nchi kavu imefunikwa na barafu mwaka mzima, na hakuna mti hata mmoja wa kukupa kivuli. Mimea iliyopo hutambaa chini kama nyasi iliyolishwa na mbuzi.

Mji wenyewe ulizaliwa na makaa ya mawe. Mfanyabiashara Mmarekani, John Munro Longyear, alianza kuchimba makaa hapo mwaka wa 1906, ndipo mji ukachukua jina lake. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka wa 1920 uliipa Norway mamlaka juu ya visiwa hivyo, ukaanza kutumika mwaka wa 1925. Mgodi wa mwisho wa Norway huko ulifungwa mwaka wa 2025, na leo mji unaishi kwa utalii, utafiti na elimu.

Mkenya ana sababu yake ya kulikumbuka jina hilo. Ndani ya mlima ulio karibu na uwanja wa ndege kumechimbwa ghala la kuhifadhia mbegu za mimea ya chakula kutoka kote duniani, zikikaa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri, ili balaa likitokea wanadamu wasikose cha kupanda. Ghala hilo lilifunguliwa tarehe 26 Februari, 2008. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004, ndiye aliyeingia pamoja na Waziri Mkuu wa Norway wakati huo, Jens Stoltenberg, kuweka mbegu za kwanza. Wageni hawaruhusiwi ndani, lakini mlango wake unaonekana kutoka nje.

KWA NINI JUA HALITUI

Kabla hujachagua mwezi, elewa kwanza jinsi jua linavyotembea huko, maana kila kitu kinategemea hilo.

Sisi tunaoishi kwenye Ikweta tumezoea mambo ya sawasawa. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likatua mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, iwe Januari au Julai. Dunia, hata hivyo, imeinama kiasi cha nyuzi 23.5 inapolizunguka jua. Miezi fulani ncha ya kaskazini huelekea jua, na miezi mingine hulipa jua kisogo. Kadiri unavyosogea kaskazini ndivyo tofauti inavyozidi. Ukivuka latitudo ya nyuzi 66.5 unafikia mahali ambapo jua lina siku za kutotua kabisa na siku za kutochomoza kabisa. Longyearbyen iko kwenye nyuzi 78, mbali sana kupita mpaka huo.

Matokeo yake ni haya. Kuanzia tarehe 20 Aprili hivi hadi tarehe 23 Agosti hivi, jua halitui. Huzunguka angani kama ng'ombe anayekanyaga nafaka. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, halichomozi. Na kati ya katikati ya Novemba na mwisho wa Januari hakuna hata wekundu wa alfajiri. Saa saba za mchana utaona nyota. Katikati ya vipindi hivyo viwili, siku hurefuka au kufupika kwa kasi ambayo mtu wa Ikweta hawezi kuiamini mpaka aione.

Ndiyo sababu watu wa huko hawahesabu misimu minne kama Ulaya. Katika utalii huhesabu mitatu: majira ya theluji yenye jua, kati ya Machi na katikati ya Mei, kiangazi, kati ya katikati ya Mei na Septemba, na majira ya giza na mianga ya kaskazini, kati ya Oktoba na Februari. Kwa bahati nzuri, likizo za shule zetu, Aprili, Agosti na Desemba, zinaangukia kila moja katika msimu wake. Hebu tuzipime moja baada ya nyingine.

APRILI: THELUJI NA JUA PAMOJA

Ikiwa picha iliyo akilini mwako ni milima meupe, anga la buluu na mbwa wakiburuta sleji, basi mwezi wako ni Aprili.

Wakati huu theluji bado imelala kila mahali lakini giza limekwisha. Mwanzoni mwa mwezi jua hukaa angani kwa muda wa saa 16 hivi. Kufikia tarehe 20 halitui tena. Ajabu ni kwamba theluji hiyo ndiyo barabara. Barabara za lami na changarawe za Longyearbyen hazizidi kilomita 40 au 50, na hakuna hata moja inayounganisha makazi na makazi. Wakati wa theluji watu hupita mabondeni na juu ya mito ya barafu kwa pikipiki za theluji au sleji za mbwa. Kwa hivyo utafika mbali kwa njia ambayo haipo kabisa mwezi wa Agosti.

Baridi usiifanyie mzaha. Machi na mwanzo wa Aprili kipimo huwa baina ya nyuzi 8 na 16 chini ya sufuri, na siku nyingine huteremka hadi 25 au zaidi. Upepo wa pikipiki huifanya baridi hiyo ichome maradufu. Lakini hewa ni kavu, na wanaokodisha pikipiki huwapa wageni suti nzito, viatu na kofia za kujikinga. Anayetaka kuendesha hudaiwa leseni ya udereva, hivyo uliza mapema kama yako ya Kenya itakubaliwa; asiye nayo hubebwa nyuma. Sleji za mbwa hazidai leseni, na watoto huzipenda zaidi.

Kasoro za Aprili ni mbili. Ya kwanza, watu wa Norway nao hupenda theluji ya Pasaka, na hoteli za Longyearbyen ni chache, kwa hivyo vyumba hujaa mapema na bei hupanda. Ya pili, mianga ya kaskazini huwa imekwisha kuonekana kwa sababu anga halina tena giza la kutosha. Ukienda Aprili kwa ajili ya mianga, umechelewa.

AGOSTI: MSIMU WA MASHUA

Mwezi wa Agosti Svalbard hubadilika ikawa nchi nyingine. Theluji ya mabondeni imeyeyuka, ardhi ina rangi ya kahawia na kijani, na bahari ya upande wa magharibi iko wazi. Kinachoifungua ni mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka Atlantiki na kupita kando ya Spitsbergen. Laiti si mkondo huo, mahali hapo pangekuwa pagumu kufikika kama sehemu nyingine zilizo kwenye latitudo hiyo.

Joto huwa kati ya nyuzi 3 na 8 juu ya sufuri. Mkazi wa Kinangop au Limuru anayeamka alfajiri mwezi wa Julai anaijua baridi ya namna hiyo. Atahitaji sweta, koti lisilopitisha upepo na kofia, basi. Kwa familia yenye watoto wadogo au nyanya anayetaka kwenda nao, huu ndio msimu wa huruma.

Faida kubwa ya Agosti ni mashua. Kwa siku moja unaweza kwenda hadi mbele ya ukuta wa barafu unaomeguka na kuanguka baharini kwa mngurumo kama wa radi. Unaweza kufika Barentsburg, makazi ya Warusi, au Pyramiden, mji wa wachimbaji makaa wa Kisovieti uliohamwa mwaka wa 1998, majumba yakabaki yamesimama. Meli za siku kadhaa huenda mbali zaidi kaskazini, kupitia Ny-Ålesund, mahali ambapo Roald Amundsen na wenzake waliondokea mwaka wa 1926 kwa chombo cha puto kilichowavusha juu ya Ncha ya Kaskazini.

Wanyama nao wapo. Walrasi, wanyama wakubwa wa bahari wenye pembe mbili kama za ndovu, hujilaza pwani makundi makundi. Waliwindwa karibu waishe hadi walipolindwa kisheria mwaka wa 1952. Reindia wafupi wa Svalbard hula nyasi hata kando ya nyumba za watu. Dubu weupe wapo pia, ingawa hakuna mwenye haki ya kukuahidi kwamba utawaona. Tangu tarehe 1 Januari, 2025, sheria inataka watu wakae umbali wa mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya Machi na Juni. Kwa hivyo bebeni darubini nzuri. Anayekuahidi kukufikisha karibu anakuahidi kuvunja sheria.

Kasoro za Agosti? Ndege wengi wa majabali huwa wamekwisha kulea makinda na kwenda zao. Anayetaka ndege na maua aende mwishoni mwa Juni au Julai, wakati buabua wa Aktiki wanapotaga mayai chini kando ya njia na kumchoma mdomo kichwani kila apitaye. Ndege huyu mdogo husafiri kila mwaka kutoka huko hadi bahari za Antaktika na kurudi. Pengine hakuna kiumbe kinachojua kuchagua msimu kumshinda yeye. Aidha, hakuna pikipiki za theluji Agosti, wala mianga. Ukisikia wakala anakuuzia safari ya Julai au Agosti ya kutazama mianga ya kaskazini, funga mkoba wako. Mianga ipo mbinguni lakini mwanga wa jua huifunika, sawa na taa ya koroboi iliyowekwa uani saa sita mchana.

DESEMBA: GIZA LA MCHANA

Sasa tufike Desemba, likizo ndefu ambayo familia nyingi huwa na nafasi. Hapa ndipo wengi hukosea.

Desemba ndani ya Longyearbyen ni usiku mtupu. Utaamka gizani, utakula chakula cha mchana gizani, na ile milima uliyoiona kwenye vitabu hutaiona ila kama kivuli, labda mwezi ukiwa mpevu. Mashua nyingi zimepumzika. Theluji mara nyingi huwa bado haijashikamana vizuri kwa safari ndefu za pikipiki. Mtoto aliyeahidiwa dubu na milima ya barafu atauliza, "Baba, kutapambazuka lini?" Na jibu ni kwamba kutapambazuka mwishoni mwa Januari.

Hata hivyo, giza hilo lina lake. Mianga ya kaskazini hutokea chembechembe kutoka juani zinapogonga hewa ya juu, kiasi cha kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini. Oksijeni ikigongwa hutoa rangi ya kijani unayoiona ikicheza angani. Kwa kuwa Desemba hakuna mchana, Svalbard ni mojawapo ya mahali pachache duniani unapoweza kuiona mianga hiyo saa sita za mchana. Isitoshe, huu ndio wakati wageni ni wachache, na anayependa utulivu atastarehe.

Lakini ikiwa mianga ndiyo haja yako na una Desemba tu, hebu fikiria kubaki Norway bara, katika mji wa Tromsø. Uko kwenye nyuzi 69, chini kabisa ya ukanda ambao mianga huonekana zaidi. Jua halichomozi huko kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, lakini mchana huwa kuna saa chache za mwanga wa samawati, kama magharibi yetu iliyorefushwa. Baridi yake ni ndogo kwa kuwa bahari inaupasha mji joto. Fauka ya hayo, nyangumi hufuata samaki katika maji yaliyo kaskazini ya Tromsø kati ya Novemba na Januari. Familia ya likizo ya Desemba itafaidika zaidi hapo kuliko Svalbard, na nauli itapungua.

KWA WASIOBANWA NA LIKIZO

Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa chuo, au huna mtoto shuleni, una miezi mingine miwili ya kuzingatia.

Wa kwanza ni Machi. Jua hurejea juu ya upeo wa macho katikati ya Februari, lakini milima huuziba mji usilione. Tarehe 8 Machi ndipo miale yake hufika katika ngazi za hospitali ya zamani ya Longyearbyen. Siku hiyo watoto kwa watu wazima hukusanyika hapo na kuliita jua kwa nyimbo, na sherehe huendelea wiki nzima. Mwanzoni mwa mwezi huo bado kuna giza la kutosha usiku kuona mianga, na mchana kuna mwanga wa kutosha kusafiri thelujini. Ni nadra kupata vyote viwili katika safari moja.

Wa pili ni Septemba. Mchana na usiku hulingana mnamo tarehe 22 au 23, mianga huanza kuonekana tena, na baadhi ya mashua bado zinatembea. Hali ya hewa hubadilika ghafla, mvua au theluji nyepesi yaweza kukupata, lakini msongamano wa kiangazi umepungua.

Wanafunzi wajue pia kwamba Longyearbyen kuna chuo kikuu kidogo kilichoanzishwa mwaka wa 1993, kinachofundisha kwa Kiingereza masomo ya Aktiki kama vile biolojia, jiolojia, fizikia ya dunia na teknolojia. Kama unasomea sayansi hizo katika chuo cha Ulaya, muulize mhadhiri wako juu ya kozi zake. Huenda ukafika Svalbard kama mwanafunzi mwenye dawati, si kama mtalii.

MISIMU YENYEWE INAGEUKA

Yafaa useme ukweli kwa watoto wako kabla hamjafunga safari. Kalenda hii ninayokupa si ile ya babu zetu. Svalbard ni mojawapo ya sehemu zinazopata joto kwa kasi kubwa kabisa duniani. Tarehe 25 Julai, 2020, kipimo cha uwanja wa ndege kilifika nyuzi 21.7, joto ambalo halikuwahi kuandikwa hapo kabla. Mwezi wa Februari, 2025, wakati wa baridi kali, mvua ilinyesha na theluji ikayeyuka mitaani. Katika hori za magharibi, ambako zamani watu walivuka juu ya bahari iliyoganda, barafu imekuwa haba na haiaminiki.

Mambo haya si habari za magazeti tu kwa wakazi. Tarehe 19 Desemba, 2015, theluji ilipomoromoka kutoka mlimani, ikasukuma nyumba kadhaa za Longyearbyen na kuua watu wawili. Tangu hapo baadhi ya nyumba zimebomolewa na kuta za kinga kujengwa. Kwa msafiri maana yake ni moja: usinunue safari ambayo yote inategemea siku moja. Acha siku mbili za akiba. Mvua ya ghafla ikifuta safari ya pikipiki, uwe na nafasi ya kesho yake.

Serikali ya Norway nayo imeanza kupunguza mzigo. Tangu mwaka wa 2025 meli zenye abiria zaidi ya 200 haziruhusiwi katika maeneo yanayohifadhiwa, na mahali pa kuteremkia humo pamepunguzwa. Ukichagua meli, uliza kwanza inabeba wangapi na itateremsha watu wapi.

VIZA, NGUO NA BUNDUKI

Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu yeyote. Usiridhike haraka! Njia ya kufika huko hupitia Norway bara, Oslo au Tromsø, na Norway imo katika eneo la Schengen. Ukiruka kwenda Svalbard unahesabiwa umetoka Schengen. Ukirudi unaingia upya. Kwa hivyo Mkenya anahitaji viza ya Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi. Mwenye viza ya mara moja atafika vizuri, kisha atakwama kurudi. Ombi hupokewa miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na ni busara kutongoja siku za mwisho. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya hapo. Utadaiwa pia bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000.

Nguo si lazima zikufilisi. Makoti mazito yanayoletwa kwa mitumba hupatikana Gikomba na Toi kwa bei ya kuelewana. Jambo la kuangalia ni tabaka. Nguo ya ndani kabisa iwe ya sufi, si pamba, kwa kuwa pamba hunywa jasho na kukugandisha. Juu yake vaa sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo vitoshe soksi mbili. Kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole ndivyo hutangulia kuumia. Beba pia soksi nzuri za kuonekana, maana katika hoteli na majumba mengi ya Longyearbyen mgeni huvua viatu mlangoni, desturi iliyoachwa na wachimba makaa waliokuwa na vumbi jeusi miguuni. Mpwani atajihisi yuko nyumbani.

Kuhusu dubu, jambo hili halina msimu. Wapo mwaka mzima. Nje ya mji sheria inataka mtu awe na namna ya kuwafukuza, na viongozi wa safari hubeba bunduki na fataki za kuwatishia. Mwezi wa Agosti, 2020, dubu alimuua mtu katika kambi ya mahema iliyo kando ya uwanja wa ndege, si mbali porini. Mwambie kijana wako mwenye kupenda kutangulia kwamba ile alama ya dubu barabarani si pambo la kupigia picha. Ndiyo mwisho wa kutembea bila kiongozi.

Na Mwislamu atakayeuliza juu ya sala na saumu mahali ambapo jua halitui wala halichomozi, ajue kwamba swali hilo limekwisha kujadiliwa. Wapo wanazuoni waliojuzu kufuata saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wapo waliojuzu kufuata za Makka. Muulize shehe wako kabla ya kuondoka ili usiwe na wasiwasi ukiwa njiani.

UAMUZI NI WAKO

Basi kaa na jamaa yako mezani, na kabla hujauliza bei ya tiketi, kila mmoja aseme jambo moja analotaka kuliona. Wakisema theluji, mbwa na jua, wekeni akiba ya Aprili na mkate vyumba mapema. Wakisema bahari, walrasi na kuta za barafu, au kama kuna mdogo au mzee asiyestahimili baridi, ngojeni Agosti. Wakisema mianga, na mna Desemba pekee, nendeni Tromsø. Na kama haja zinagongana, mkubwa akitaka mianga na mdogo akitaka mashua, msijaribu kuzifunga zote katika safari moja. Piga kura, na anayeshindwa apewe neno la kuchagua safari ijayo.

Mimi nikiulizwa na familia ya Nairobi yenye watoto wa shule, jibu langu ni Agosti. Si kwamba ndio msimu mzuri kupita yote, bali kwa sababu mtoto atakaa nje saa nyingi bila kulia kwa baridi, atamwona mnyama, na saa sita za usiku atavuta pazia aone jua likimtazama. Jiografia aliyoikariri darasani kuhusu dunia iliyoinama itamwingia bila kiboko.

Ila kumbuka, fedha zisipotosha mwaka huu, hakuna haja ya kukimbilia tiketi ya bei rahisi ya mwezi usioufaa. Jua la huko likiondoka hurudi, na tarehe yake inajulikana. Kawia ufike.